Niuvae msalaba au niuache? Jibu kwa msomaji aliyeambiwa amevaa alama ya Tamuzi

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mkatoliki, mama wa watoto wawili. Siku ya Kipaimara mama alinivisha mkufu wenye msalaba mdogo wa fedha, na sikuwahi kuuvua hadi mwaka huu. Shemeji yangu ameanza kujifunza Biblia na watu wengine. Kila akija nyumbani ananiambia msalaba ni alama ya Tamuzi, mungu wa Babeli. Kwamba Yesu alikufa kwenye mti mmoja ulionyooka. Kwamba Wakristo wa kwanza hawakuujua msalaba, uliletwa na mfalme Konstantino. Na kwamba kuuvaa ni sawa na mtu ambaye ndugu yake ameuawa kwa kisu, naye akakitundika kisu hicho shingoni. Amenionyesha na picha ya kiti cha Papa chenye msalaba uliopinduliwa, akasema hiyo ni Freemason. Nikauvua. Tangu hapo silali vizuri, naota ndoto mbaya, na nawaza labda nimejivua ulinzi. Niuvae au niuache? Na Ijumaa Kuu tunapoinama na kuubusu, tunaabudu mti?*

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo mengi, lakini nikiyapanga naona ni mawili. Moja ni la historia: alama hii ilitoka wapi. La pili ni hili: kipande hicho cha fedha kina nini ndani yake? Shemeji anasema kina sumu. Ndoto zako zinasema kina kinga. Mnabishana, kumbe mnakubaliana jambo moja, kwamba nguvu imo ndani ya umbo lenyewe. Hapo ndipo nitakapowapinga nyote wawili.

Nianze na Tamuzi, maana ndilo jepesi. Tamuzi yumo kwenye Biblia: Ezekieli 8:14 inawataja wanawake wakimlilia hekaluni. Ila habari kwamba msalaba ni herufi T, ya kwanza ya jina lake, haimo kwa Ezekieli wala katika vigae vya Babeli. Aliyeieneza ni mchungaji wa Scotland aliyeitwa Alexander Hislop, katika maandishi aliyoanza kuyachapisha mwaka 1853. Tatizo lake ni kubwa. Wababeli waliandika kwa mwandiko wa kabari, yaani alama zilizogandamizwa kwenye udongo mbichi kwa unyasi, kila alama ikisimama badala ya silabi au neno zima. Mwandiko huo haukuwa na herufi T ya kufananishwa na msalaba. Tena jina la kale la mungu huyo ni Dumuzi, linaanza na D.

Ukitaka herufi yenye umbo la msalaba, fungua sura inayofuata. Katika Ezekieli 9:4 Mungu anaagiza wanaohuzunikia maovu ya Yerusalemu watiwe alama katika vipaji vya nyuso zao ili wasiuawe. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni jina la herufi ya mwisho ya alfabeti yao, tav, na katika mwandiko wa zamani ilichorwa kwa mistari miwili inayokatana, kama + au ×. Sisemi Ezekieli alikuwa akitabiri Kalvari, ingawa baadhi ya walimu wa kale wa Kanisa walimsoma hivyo. Ninachosema ni kwamba mistari miwili inayokatana ni kitu rahisi kuliko vyote ambavyo mkono wa mtu unaweza kuchora, na kila taifa limeichora kwa sababu zake. Ndugu zetu wa Katanga walisubu shaba kwa umbo la msalaba kabla mmisionari hajafika kwao, wakaitumia kama fedha, hata kulipia mahari. Haikuwa alama ya Kristo wala ya Tamuzi. Ilikuwa mali.

Kuhusu mti mmoja, shemeji ana kipande cha ukweli na tumpe haki yake. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa msalaba, *stauros*, katika Kigiriki cha zamani zaidi lilikuwa na maana ya nguzo iliyosimikwa. Na ni kweli askari wa Roma hawakuwa na kipimo kimoja. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anaeleza kwamba Yerusalemu ilipozingirwa mwaka 70, askari waliwapigilia mateka kwa mikao mbalimbali kwa kuwadhihaki. Seneca, Mroma aliyeishi wakati wa mitume, anasema wengine walitundikwa kichwa chini na wengine wakanyooshwa mikono.

Lakini kufikia karne ya kwanza neno hilo lilikuwa limeshabeba pia chombo chenye boriti ya mlalo. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa mhukumiwa abebe boriti hiyo mabegani hadi mahali pa kifo, ambako nguzo ya wima mara nyingi ilikuwa imeshasimikwa. Lusiano, mwandishi wa karne ya 2 asiyekuwa Mkristo na aliyependa kuwacheka Wakristo, anaandika kwa mzaha kwamba watawala wakatili waliiga umbo la herufi T walipotengeneza *stauros*. Ireneo, askofu wa Kanisa la kale, karibu mwaka 180, anasema msalaba una ncha tano: mbili za urefu, mbili za upana, na moja ya katikati alipoegemea aliyepigiliwa. Ndani ya Injili zenyewe kuna vidokezo. Mathayo 27:37 inasema mashitaka yaliwekwa juu ya kichwa chake. Mtu aliyepigiliwa mikono juu kwenye mti mmoja, ungetarajia waseme juu ya mikono. Tomaso katika Yohana 20:25 anataja misumari ya mikononi, si msumari. Kila kidokezo peke yake ni chepesi, lakini vyote vinaelekea upande mmoja. Kwa hiyo umbo la T au la † ndilo lenye uzito zaidi.

Kwa faida yako, fundisho la mti mmoja linashikwa hasa na Mashahidi wa Yehova, ambao Biblia yao ya Kiswahili husema "mti wa mateso". Nao hawakuanza nalo: hadi mwaka 1931 jalada la gazeti lao lilikuwa na msalaba ndani ya taji. Silitaji hili kwa kuwasuta. Watu hubadili msimamo, na si dhambi. Lakini nadhani shemeji hajaambiwa. Na hata kama yeye ndiye mwenye haki kuhusu umbo, hakuna kinachobadilika katika imani yako. Paulo hakuwahi kuandika kwamba tunaokolewa na boriti ya mlalo.

Konstantino sasa, yule mfalme wa Roma wa karne ya 4. Alama aliyoitumia baada ya vita vya mwaka 312 haikuwa msalaba wa shingoni mwako. Ilikuwa herufi mbili za mwanzo za jina Kristo kwa Kigiriki, moja juu ya nyingine, ☧. Wakati huo Wakristo walikuwa na msalaba tayari. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, karibu mwaka 211, anasema Wakristo walijichora alama hiyo kwenye paji la uso kila walipotoka, walipoingia, walipovaa viatu, walipooga, walipokaa mezani, walipowasha taa. Katika baadhi ya nakala za kale za Injili, ambazo wataalamu wengi huzikadiria kuwa za karibu mwaka 200, waandishi waliunganisha herufi mbili ndani ya neno *stauros* lenyewe zikafanya umbo kama la mtu aliyetundikwa. Na kuna ushahidi ninaoupenda kwa sababu unatoka kwa adui. Kwenye kilima cha Palatino huko Roma, mwaka 1857, ulifukuliwa ukuta wenye mchoro wa kukwaruza: mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa kwenye msalaba, mwingine chini yake ameinua mkono, na maandishi ya Kigiriki yanayosema Alexamenos anamwabudu mungu. Wengi huuweka karibu mwaka 200. Aliyekuwa akimcheka Alexamenos alijua vizuri kwamba Mkristo na msalaba ni kitu kimoja, zaidi ya miaka 100 kabla ya Konstantino.

Hata hivyo shemeji angekuwa sahihi kama angesema hivi: Wakristo wa karne za mwanzo hawakupenda kuchora Yesu akiwa msalabani. Ni kweli. Sanamu za Kikristo za namna hiyo zilizo wazi zinaonekana kwenye karne ya 5, kama ule ubao uliochongwa kwenye milango ya kanisa la Santa Sabina, Roma, karibu mwaka 430. Kabla ya hapo utaona samaki, nanga, mchungaji mwenye kondoo. Ukielewa sababu yake, utakuwa umepata kiini cha swali lako.

Kusulubisha hakukuwa njia ya kuua tu. Roma ilikuwa na njia za haraka zaidi. Msalaba ulikuwa tangazo. Ulisimikwa kando ya barabara kuu, mtu akiwa uchi, bango la kosa lake juu, akichukua saa nyingi au hata siku kadhaa kufa, na mara nyingi mwili ukaachwa kwa ndege. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus kuzimwa, mwaka 71 kabla ya Kristo, watumwa wapatao 6,000 walitundikwa kwenye barabara kutoka Capua hadi Roma. Raia wa Roma kwa kawaida hawakuguswa na adhabu hii. Ilikuwa ya watumwa, waasi na watu wasio na jina. Mwaka 1968, Yerusalemu, lilipatikana sanduku la mifupa ya mtu wa karne ya kwanza, kisigino chake kikiwa bado na msumari wa takriban sentimita 11.5. Ncha ya msumari ilikuwa imepinda, ndiyo maana waliomzika hawakuweza kuuchomoa. Watu waliokuwa wakikutana na vitu hivyo njiani hawakuwa na hamu ya kuvichora ukutani. Adhabu ilipofutwa ndani ya dola katika karne ya 4, na kizazi kilichoishuhudia kikaisha, mkono wa mchoraji ukaachiliwa.

Kwa Myahudi aibu ilizidi, maana Kumbukumbu la Torati 21:23 inasema aliyetundikwa juu ya mti amelaaniwa na Mungu. Sasa soma 1 Wakorintho 1:18 ukiwa na picha hiyo kichwani: "neno la msalaba kwao wanaopotea ni upuzi". Paulo hakuwa anatia chumvi. Kumhubiri mwokozi aliyesulubiwa katika mji wa Kirumi kulikuwa upuzi kweli. Naye hakulificha jambo hilo. Katika Wagalatia 3:13 analichukua lile andiko la laana na kusema Kristo alifanyika laana kwa ajili yetu. Katika Wakolosai 2:14-15 anageuza tangazo la Roma: kilichopigiliwa pale ni hati yetu ya mashitaka, na walioaibishwa hadharani ni zile mamlaka zilizodhani zimeshinda.

Ndiyo maana hoja ya kisu, ambayo ndiyo kali kuliko zote za shemeji yako, haikai. Kisu kilichomuua ndugu yako kinabaki kisu cha muuaji kwa kuwa muuaji ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Wakristo wanasema pale Golgotha hakuwa nalo. Ukitaka mfano ulio karibu, nenda Mkunazini, Unguja. Kanisa kuu la Kianglikana limesimama kwenye uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na inasimuliwa kwamba madhabahu iliwekwa palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Humo ndani mna msalaba wa mbao zilizotoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia, ulikozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa. Hakuna mwenye akili atakayesema wanaosali pale wanashangilia viboko.

Ila nikuongeze neno ambalo shemeji hakulisema na alipaswa kulisema. Msalaba umewahi pia kugeuzwa tena kuwa bango la watawala. Nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, ya mwishoni mwa karne ya 15, ina msalaba juu yake, na kazi ya nguzo kama hizo ilikuwa kutangaza kwamba Wareno wamefika na wana madai yao. Umbo ni lile lile, ujumbe umerudi kuwa wa dola. Kama mtu anataka kuuogopa msalaba, hiyo ndiyo sababu ningemwelewa.

Sasa Ijumaa Kuu. Jina la sehemu ile ya ibada, kuabudu msalaba, linawatatiza wengi na silaumu. Kanisa lilijadili jambo hili kwa ukali mkubwa, sanamu zikavunjwa na watu wakafungwa, hadi Mtaguso wa pili wa Nikea mwaka 787. Ulitenga mambo mawili: ibada ya kweli, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa msalaba na picha takatifu, ambayo haikomi kwenye mbao bali inamwendea yule anayeoneshwa. Unapobusu msalaba huuombi ule mti chochote. Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, hawakuridhika na maelezo hayo, wakaondoa sanamu zote. Walutheri wengi wakabaki na msalaba, hata wenye mwili wa Yesu. Wapo Wakristo wema pande zote.

Biblia yenyewe inatoa kipimo. Katika Hesabu 21 Mungu anamwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, na waliomtazama wakapona. Yesu anajifananisha na nyoka huyo katika Yohana 3:14. Lakini soma 2 Wafalme 18:4: karne nyingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande nyoka yule yule, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni walichokuwa wakikitafuta kwake.

Na hapo, dada yangu, narudi kwenye ndoto zako. Umeniandikia kwamba labda umejivua ulinzi. Hilo linanitia wasiwasi kuliko yote aliyokuambia shemeji. Kanisa lako linafundisha kwamba vitu vilivyobarikiwa ni visakramenti: vinamwandaa mtu kupokea neema kwa njia ya sala ya Kanisa, havifanyi kazi vyenyewe. Katekisimu, namba 2111, inaita ushirikina pale mtu anapotegemea kitendo au kitu cha nje peke yake bila moyo unaotakiwa. Msalaba unaovaliwa ili majini yasikusogelee umeshakuwa hirizi, hata kama padri aliunyunyizia maji ya baraka. Matendo 19:13-16 inaeleza watu waliolitumia jina la Yesu kama dawa ya kupunga, na wakatoka mbio wakiwa uchi na majeraha.

Usingizi wako una maelezo mengine yaliyo karibu. Umevaa kitu tangu Kipaimara, ngozi yenyewe imekizoea. Umekivua kwa hofu, si kwa amani. Kila wiki unalala umetoka kwenye ubishi. Akili iliyopandiwa neno "Babeli" jioni italiota usiku. Hilo huwa linatulia. Lakini likizidi wiki mbili au tatu, au ukianza kukosa hamu ya kula, kuogopa mchana, au kuamka moyo ukienda mbio, nenda kituo cha afya umwone daktari, na umwambie yote bila aibu. Na yeyote atakayekudai hela ya kukufungua, ya mafuta maalumu au ya msalaba "wenye nguvu zaidi", mwache hapo hapo.

Lile suala la kiti cha Papa lisikuchukulie muda. Ni mapokeo ya kale sana kwamba Petro aliomba asulubiwe kichwa chini kwa kuwa hakustahili kufa kama Bwana wake, na kama nilivyosema, Waroma walikuwa wakifanya hivyo kwa watu. Msalaba uliogeuzwa ukawa alama ya Petro, na Papa ni mrithi wa Petro. Picha inayozunguka ni ya ziara ya Yohane Paulo II huko Korazini, Galilaya, mwaka 2000. Wapo kweli wanaoutumia msalaba uliogeuzwa kwa kufuru. Utawatambua kwa maneno na mazingira yao, maana umbo peke yake halitakuambia. Wako ukigeuka kifuani, ni kikuku cha mkufu kimelegea.

Basi uuvae? Ushauri wangu ni uuvae, lakini si leo. Ukiurudisha shingoni usiku huu kwa sababu ya ndoto, utajifundisha kwamba ndio uliokuwa ukikulinda. Uweke kabatini, sali sala zako za jioni kama kawaida, fanya ishara ya msalaba polepole: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia, ukiyasikia maneno unayoyasema. (Waorthodoksi huanza bega la kulia, usishangae ukiwaona.) Usingizi ukirudi bila mkufu, hapo utakuwa huru kuuvaa kwa sababu inayofaa: ni zawadi ya mama, na inakukumbusha Luka 9:23, kujitwika msalaba kila siku, jambo ambalo mkufu hauwezi kukufanyia. Ukiona bado moyo unasitasita, kuutundika ukutani mahali mnaposalia na watoto ni sawa. Kutouvaa kabisa nako si dhambi. Hakuna sheria ya Kanisa inayomlazimisha mlei kuvaa msalaba.

Kwa shemeji, usijibu hoja zote kwa siku moja. Muulize swali moja tu: Hislop alipata wapi habari ya Tamuzi na msalaba, kwenye kigae gani? Mpe muda wa kutafuta. Mabishano yakianza kuwagusa watoto, mume wako ndiye wa kuzungumza na ndugu yake, si wewe.

Na nenda kwa paroko wako, uuchukue na mkufu. Mwambie habari ya ulinzi kama ulivyoniambia mimi, maana hilo linahitaji mtu anayekufahamu na atakayekuuliza maswali nisiyoweza kuyauliza kwa maandishi. Huna haja ya kuungama kwamba uliuvua. Ukikuta umekatika au umepinda, usiutupe kwenye taka: wa fedha kama wako sonara anaweza kuuunga, na kitu kilichobarikiwa kisichotengenezeka huchomwa au huzikwa ardhini.